Kitabu Kilichokaa Eda

Mjukuu wangu anayefundisha shule huko Ukunda huniletea riwaya. Huja nayo Ijumaa, na Ijumaa nyingine hurudi kuniuliza nimeionaje. Nami humwambia nilivyoiona. Ile ya mwezi uliopita ilikuwa na mwanamke anayekunywa chai toka mwanzo wa kitabu mpaka mwisho, na hakuna ukurasa hata mmoja alioosha kikombe. Nikamwambia mjukuu wangu, mwandishi wa hiki ni mwanamume. Akatazama jalada, kumbe ndivyo. Katika ile ya juzi watu wawili wanapotea msituni, wanalala huko, wanaamka, wanapendana, wala hakuna aliyeumwa na mbu. Niliisoma mpaka mwisho nikingoja mbu tu.

"Bibi, wewe husomi kama watu wengine," akaniambia. "Wewe unakagua."

Huenda. Lakini mimi sikujifunza kusoma mahali ambapo watu huyaacha mambo yapite. Nilijifunza Mwabungo, ndani ya banda la kukaushia mbata za nazi, nimekaa mkeka mmoja na mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu. Huyo alikuwa hajui herufi hata moja, na hakuna kitabu kilichompita hivi hivi.

Wote tuliokuwa katika banda lile nawakumbuka kwa majina, wao na baba zao, na baadhi yao hata mbuzi wao. Sitayaandika. Wengi wamekwisha kulala chini, na waliosalia wana wajukuu wanaojua kusoma, wataniletea maneno.

Ilikuwa miaka ile ya uhuru. Bendera mpya ilipandishwa huko Kwale, na baada ya muda si mrefu tukaambiwa kuwa sasa hata sisi wanawake tutasoma ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni baada ya sala ya alasiri, kazi za nyumbani zikiisha. Mimi nilikuwa mke mpya. Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, akija mwisho wa mwezi na samli na sabuni. Ruhusa ya kutoka nje nilipewa na mavyaa, na mavyaa alinipa kwa sharti moja: naye aje. Basi akaja na miyaa yake ya kusukia mikeka, akaketi karibu na mlango, akawa anasuka ukili huku sisi tunaimba a, e, i, o, u.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kinango, mtaratibu, aliyesomeshwa na wamisheni. Alitusalimu shikamoo sote, hata mimi niliyekuwa mdogo kuliko yeye, ili asikosee. Alikuja na sanduku la bati lenye vitabu. Mimi nilikuwa nimekwisha kupita chuoni kwa Kurani, macho yangu yamezoea kufuata mstari, basi nilizishika herufi hizi haraka kuliko wenzangu. Nikafanywa msomaji. Wanawake wakajiwekea utaratibu wao: msomaji hashiki ukili. Mimi nikisoma, kila mmoja hunisukia kipande, na jioni narudi nyumbani na ukili mrefu ambao mikono yangu haikuugusa. Mpaka leo sijapata kazi nzuri kama ile.

Riwaya ya kwanza ilikuwa ya mpelelezi. Mtu wa mjini, mwenye koti, akimfukuza mwizi wa vito. Nilisoma jioni mbili, ya tatu mavyaa akaniinulia mkono.

"Hebu ngoja. Huyu mtu amekula nini?"

"Kitabu hakisemi, mama."

"Tangu tuanze yuko mbioni. Sigara amevuta, nimesikia. Chakula sijasikia."

"Labda amekula pembeni," akasema wifi yangu, yule dada wa mume wangu, ambaye ulimi wake ulikuwa haukai. "Hatukuonyeshwa tu."

"Akila pembeni na sisi tumekaa hapa, basi ni mchoyo. Mchoyo hawezi kumkamata mtu."

Mwalimu akaeleza kwamba katika hadithi si kila jambo huandikwa. Mavyaa akamsikiliza kwa adabu, kisha akahamia upande wa mwizi, kwa sababu mwizi alionekana ukurasa wa pili akila muhogo na mama yake. Alipokamatwa, banda zima lilinuna. Jirani yetu Mkamba, aliyekuwa amekuja na mumewe kutoka bara wakapewa shamba ng'ambo ya barabara, akasema, "Hiyo polisi ni mbaya. Angengoja huyo mtu amalize muhogo."

Ndivyo tulivyokuwa tukisoma. Watu wa kitabuni walikuwa wageni wetu. Wakiingia, wamo nyumbani, na aliyemo nyumbani ana haki zake.

Sasa, mwalimu akatuletea habari. Mkaguzi wa elimu atapita vijiji vyote vya pwani hii, na kila darasa litasimulia kitabu kimoja mbele yake, mwanzo mpaka mwisho. Kijiji kitakachoshindwa, darasa lake linahamishwa, maana walimu ni wachache na vijiji vingi vinaomba. Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nilikuwa na jambo moja tu maishani mwangu ambalo halikuwa kisima, jungu wala shamba, na jambo lenyewe lilikuwa banda la mbata.

Mwalimu akatuchagulia kitabu kizuri, si kinene. Kilikuwa na mke na mume. Mume alikuwa fundi seremala, mpole, mcheshi, kila jioni akirudi na kitu mkononi: leo ndizi, kesho kitana. Mavyaa alimpenda kuliko wanawe. Mke naye alikuwa na maringo kidogo, lakini alijua kupika, na mwandishi alieleza nguo zake kurasa mbili nzima, pindo kwa pindo. Tulisoma taratibu, tukirudia palipo patamu.

Halafu yule fundi akapanda lori kwenda kununua mbao, na lori likapinduka.

Nilisoma mstari ule. Ukili wote ukasimama. Wifi akasema, "Rudia." Nikarudia. Likapinduka vilevile. Baada yake kulikuwa na neno moja peke yake kwenye mstari: "Akazikwa."

"Akazikwa tu?" akauliza mavyaa.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Gauni kurasa mbili, maiti neno moja. Aliyemwosha nani? Sanda ilitoka wapi? Yule bibi kashikwa na nani asianguke?"

Wanawake wakaanza kusaidiana kulijaza lile neno. Mmoja akatoa sanda, mwingine akatoa maji na mkunazi, jirani Mkamba akatoa mbao, kwa kuwa kwao watu huzikwa ndani ya sanduku, na marehemu alikuwa seremala. Wakabishana juu ya sanduku mpaka jua likaanza kwenda. Ndipo nikasema imebaki mistari miwili sura iishe, tuimalize.

Mistari yenyewe naikumbuka kama jina langu. "Jioni hiyo, mjane alipokuwa peke yake, alisikia mlango ukigongwa. Mgongaji alikuwa mwanamume."

Nikanyoosha kidole kufungua ukurasa. Mavyaa akaweka kiganja chake juu ya kitabu.

"Wataka kufanya nini?"

"Nifungue, mama. Tujue ni nani."

"Umfungulie mwanamume? Mumewe kazikwa leo, yeye peke yake nyumbani, na wewe ndiwe wa kumfungulia?"

"Si mimi, mama. Ni ukurasa."

"Ukurasa ndio mlango. Mtu yuko nje anagonga. Mikono iliyo karibu na komeo ni yako. Ukifungua, kaingia."

Nilitazama wenzangu wanisaidie. Wote walikuwa wanamtazama mavyaa kama mtu aliyesema kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho moyoni. Mwalimu akacheka kidogo, peke yake, akaacha.

"Mama," akasema, "haya yamekwisha kuandikwa. Hata tusiposoma, yapo."

"Yapo, lakini hatukuyashuhudia. Mwanamke huyu ana eda, mwanangu. Miezi minne na siku kumi hatoki, haonekani na mwanamume wa kando, hajipambi. Wewe mwenyewe ni mwanamume, na umekuwa ukimtazama tangu mwanzo. Tulinyamaza kwa sababu mumewe alikuwepo."

Mwalimu akaona haya kabisa. Akashusha macho kwenye mbata.

Basi kitabu kikafungwa. Mavyaa akakibeba mwenyewe mpaka nyumbani, akakifunga ndani ya kaniki kuukuu, kile kitambaa cheusi, akakiweka chumba cha ndani, juu ya kabati, upande usio na kioo. Akaniambia nisifukize udi chumbani mle. Mimi nililala chumba kilekile, na kila nikizima taa nilijua kuna mwanamume anagonga pale juu ya kabati.

Kesho yake nilijaribu hoja. Nikasema, mama, huenda mjane ana mimba, na mwenye mimba eda yake huisha akijifungua. Wanawake wakaipenda hoja hiyo. Tukazikumbuka sura zote tulizosoma kutafuta dalili. Wifi akasema kuna mahali mjane alitamani embe mbichi. Jirani Mkamba akasema hata yeye hutamani embe mbichi na mtoto wake wa mwisho anachunga mbuzi. Mavyaa akasema dalili moja haitoshi, na hata kama ni kweli, mimba yenyewe ni changa, eda itakuwa ndefu zaidi. Hoja yangu ikanigeukia, nikaiacha haraka.

Mwalimu naye akaleta yake. Akasema mkaguzi atakuja kabla ya eda kwisha, na darasa litahamishwa.

"Na lihame," akasema mavyaa. "Mtu hatolewi eda kwa ajili ya mkaguzi."

Akasema hivyo mbele yangu, huku akinisukia ukili wangu, ingawa siku ile sikuwa nikisoma. Nadhani alijua kilichokuwa moyoni mwangu. Hakurudi nyuma.

Habari zikatembea. Mwanamke aliyekuja kununua nazi aliona kaniki juu ya kabati, akauliza, akajibiwa kwamba ndani kuna mjane. Yeye akapeleka neno mbele bila kitabu. Likafika Munje, alikozaliwa mavyaa, kwamba nyumbani kwake pana mjane yuko ndani. Watu wa Munje wakafanya hesabu yao: mavyaa alikwisha kufiwa zamani, wifi mumewe anaonekana kila siku, basi ni yule mke mpya, mumewe yuko bandarini, kazi za bandarini hatari.

Wakaja kwa basi, wanawake kama ukoo mzima, na mchele na sukari. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi. Niliona buibui zinaingia mfululizo, na ya mbele ni shangazi yake mume wangu, mwanamke mzito, akanikumbatia na mbuzi ya kukunia bado iko chini yangu, akalia shingoni mwangu.

"Mwanangu, ndiyo dunia. Bado mdogo hivi."

Nikajua mume wangu amekufa. Sasa mimi nilijua kwao, na wao walijua kwangu. Nikalia. Waliponiona nalia wakaona ni kweli, wakalia zaidi. Wifi akatoka jikoni akakuta watu wanalia, naye akaanza kumlilia ndugu yake, akimtaja vitu vyote alivyomnunulia tangu utoto. Jirani Mkamba akasikia kutoka ng'ambo ya barabara, akaja mbio na kapu la pojo kichwani. Tulikuwa tumefika mahali pa kuulizana maiti inaletwa lini wakati mavyaa alipotoka msalani na birika lake.

Akasimama akatutazama.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Si mwanao?" akajibu shangazi.

"Mwanangu?"

"Mume wa huyu."

"Nani kawaambia?"

"Si yeye analia?"

Mavyaa akanigeukia. "Wewe nani kakwambia?"

"Shangazi," nikasema.

Kisha mavyaa akaketi chini akaeleza, kwa utulivu, kwamba mwanawe hajambo, alileta samli wiki iliyopita, na mjane aliyeko ndani ni wa kitabuni. Nilidhani watu wa Munje watakasirika. Wamekuja mbali, wamechoka, macho yamevimba. Shangazi akajifuta uso kwa pindo la buibui, akafikiri.

"Huyo marehemu alikuwa mtu wa aina gani?"

"Seremala. Mpole. Kila jioni alikuwa akirudi na kitu mkononi."

"Alimwachia watoto?"

"Hatujui. Kuna neno la embe."

"Masikini," akasema shangazi, na akaketi.

Rambirambi hairudishwi kwenye basi. Wakapika mchele wao, wakala, wakasimuliwa kitabu chote mpaka mlango, na hakuna hata mmoja aliyesema tufungue. Walipoondoka, shangazi alisimama mbele ya chumba cha ndani akasema kwa sauti ya chini, "Tutaonana ukitoka, mama." Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi alistaajabu kwa nini kila mtu njiani anamshika mikono asiiachie.

Mkaguzi akaja. Alikuwa mtu wa bara, mnene, soksi ndefu, Kiswahili chake cha ofisini. Aliketishwa kwenye kiti cha pekee, sisi mikekani, mbata imesogezwa pembeni. Mwalimu wetu alikuwa amevaa tai, nayo ilikuwa imemkaba.

"Nani atanieleza hadithi?" akauliza mkaguzi.

Nilikuwa nimejiandaa kusimama. Mavyaa akaanza bila kusimama. Alieleza yote, pindo kwa pindo la lile gauni, ndizi, kitana, lori. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama mzee, hajui kusoma, anasimulia kama redio.

"Vizuri sana. Halafu?"

"Halafu mlango ukagongwa."

"Nani aligonga?"

"Mwanamume."

"Mwanamume gani?"

"Hilo hatujui wala halituhusu. Bibi yuko eda."

Mkaguzi akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama mbata.

"Mama, hamkumaliza kitabu?"

"Tutamaliza akitoka."

"Kileteni hapa nione."

"Hatoki nje, bwana. Na wewe ni mwanamume wa kando."

"Mama, mimi nimekuja hapa kama serikali."

"Najua, na karibu sana. Serikali hii mpya ni mwanamume au mwanamke?"

Mkaguzi akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta kweli, mtu wa haki. "Ni ya watu wote," akasema mwishoni.

"Basi watume wa kike."

Jirani Mkamba akacheka, akajifanya anakohoa. Nami nilikuwa nimeukunja ukili mkononi mpaka umekatika, kwa kuwa niliona darasa letu linatoka pale mlangoni, na sanduku la bati na kijana wa Kinango nyuma yake. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu kwamba amri ni amri, kijiji ambacho hakikumaliza hakikumaliza.

Mavyaa akamuuliza, "Wazee wako wako hai?"

"Mama yuko. Baba alikufa zamani."

"Mama yako alipofiwa, hakuja mwanamume kumgongea?"

Nilidhani atamfokea. Akakaa na miwani yake mkononi.

"Alikuja mmoja," akasema. "Alikuwa anataka shamba."

"Nani alimfungulia?"

"Mimi. Nilikuwa mdogo. Nilidhani ni mgeni."

Mavyaa akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na kitabu ndani ya kaniki yake, akampa mkononi. "Wewe wamjua mgongaji wa namna ile. Nenda kamtazame huko nje. Sisi tutageuza nyuso."

Tukageuza. Banda zima tuliutazama ukuta wa makuti, na mwalimu pia. Nilisikia kaniki inafunguliwa. Nikasikia ukurasa unafunuliwa, na baada yake mwingine. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukijua kama ni kikohozi au kicheko, na kilichukua muda. Alipoingia, kitabu kilikuwa kimefungwa vizuri ndani ya kaniki, kwa fundo la mwanamume, na macho yake yalikuwa na maji.

"Bibi amekaa vizuri," akamwambia mavyaa. "Hakuna aliyefungua."

"Alhamdulillahi."

Akamgeukia mwalimu. "Darasa haliwezi kuhamishwa na mtu yuko ndani. Libaki mpaka atoke. Nikiulizwa huko juu, nitasema bado wanasoma." Mwalimu akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamnong'oneza kumuuliza ameona nini. Akajibiwa neno moja, ambalo alituletea vilevile: "Ngojeni."

Tukangoja. Wakati huo tukasoma kijitabu cha kilimo cha pamba, ambacho hakikuwa na mtu ndani, na hivyo hakikutusumbua. Jirani Mkamba akajua kusoma mpaka akaanza kusoma magunia. Wifi akajifunza kuandika jina lake, akaliandika kwenye mlango wa kila nyumba. Nami kila nikizima taa niliusikia mlango ule.

Eda ikaisha. Munje wakaja tena, safari hii na halwa na asumini. Mavyaa akakivua kitabu kaniki, akakifuta kwa kitambaa chenye marashi, akakifunga leso mpya ya kisutu, akakipitisha juu ya chetezo cha udi. Kikabebwa mpaka bandani na vigelegele. Mwalimu alikubaliwa kuingia, akakaa mbali kidogo. Nikakaa kwenye mkeka, watu wamejaa mpaka nje, nikafunua ukurasa.

Mstari wa kwanza ulisema: "Miaka mitatu ikapita."

Nikaurudia kwa macho tu.

"Soma," akasema mavyaa.

"Miaka mitatu ikapita."

"Rudia."

Nikarudia. Miaka haikupungua. Shangazi wa Munje, asumini masikioni, akageuza kichwa polepole akamtazama mavyaa. Wifi akasema, "Yaani siku ile ile, tungefunua ukurasa, tungemkuta keshatoka eda zamani?" Nikamwona mwalimu ameinamisha kichwa magotini, mabega yanatetemeka, na nikaelewa mkaguzi alikuwa ameona nini.

"Na yule wa mlangoni?" akauliza mavyaa.

Nikasoma mbele mbiombio nikimtafuta. Mjane alikuwa amenunua cherehani, anashona nguo za watu. Ukurasa uliofuata, anashona. Jioni zote zilizofuata tulisoma kitabu kile mpaka jalada la nyuma, akaolewa na daktari mwenye pikipiki, akazaa, na hakuna mahali popote alipotajwa tena yule mwanamume. Hakuingia, hakuondoka, hakupewa hata jina.

"Mwandishi alimsahau," akasema jirani Mkamba. "Hata mimi husahau sufuria motoni."

"Ni kosa la kitabu," akakubali mwalimu. "Hutokea."

Watu wa bandani wakaanza kumsikitikia mavyaa, kwa namna ile mbaya ya kunyamaza. Kaniki, udi, basi la Munje mara mbili, mkaguzi kusimamishwa nje kama mwizi, yote kwa mtu ambaye hata mwenye hadithi hakumkumbuka. Mavyaa alikuwa anasuka. Alimaliza ukili aliokuwa nao mkononi, akaukata mwisho kwa meno.

"Hakumsahau," akasema. "Alimtuma. Kagonga, hakufunguliwa, kangoja, kachoka, kaenda zake. Mngemfungulia siku ile mngemkuta kila ukurasa."

Wanawake wakatazamana. Nikaona vichwa vinaanza kukubali, kimoja baada ya kingine, mpaka cha shangazi. Darasa lilikuwapo, mwalimu alikuwepo, nami nilikuwa na kitabu mapajani. Hata mimi, niliyekwisha kusoma, sikuweza kumwonyesha ukurasa wa kumkatalia.

Mavyaa akasogea karibu nami mkekani, akaanza kunisukia kipande changu.

"Haya, rudi nyuma pale alipozikwa," akaniambia. "Soma polepole. Nataka kujua vikombe vya matanga vilioshwa na nani."